Makofi ya Bungeni

14 Aprili

Kwa mdogo wangu Kasuku,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mgongo wangu, ambao umeamua kuzeeka kabla yangu. Wewe u hali gani? Unapata usingizi? Kula najua unakula, maana nilikuona kwenye taarifa ya habari shingo imejaa, nikasema haya, angalau bunge linalisha.

Nakuandikia kwa sababu nikipiga simu anapokea katibu wako, ananiuliza mimi ni nani na shida yangu ni nini. Nimekulea tangu una miaka saba, leo nijieleze kwa mtu nisiyemjua? Barua hii nampa dereva wa basi.

Shida yangu ni chumba cha upasuaji hapa kituoni. Utepe wake ulikata wewe mwenyewe miaka mitatu iliyopita, na tangu siku ile kimepigwa kufuli. Meza ipo, taa ipo. Mashine ya usingizi hakuna, na mtaalamu wa usingizi hakuna. Humo ndani tunaweka magodoro mabovu. Mama akihitaji kupasuliwa tunampakia kwenye gari mpaka hospitali kubwa, mwendo wa saa nne kama mvua haijanyesha. Mwezi uliopita mke wa fundi cherehani, yule mwenye kibanda mbele ya geti letu, alinifia njiani nimemshika mkono. Aliniuliza, "Sista, bado mbali?" Nikamwambia tumekaribia. Hata nusu tulikuwa hatujafika. Nakuambia wewe kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia. Fundi hataki habari za mkewe zitembezwe midomoni mwa watu.

La pili ni la furaha. Mziwanda wetu ana mimba ya miezi mitano! Mumewe yuko barabarani na lori lake kama kawaida, kwa hiyo kahamia kwangu, anakula, analala, na asubuhi ananiigiza ninavyokoroma. Mama alipotuachia yule mtoto hajaota hata jino, sikudhani nitafika siku ya kumpokelea wa kwake.

Sikuombi hotuba, Kasuku. Hotuba unazo tangu utotoni. Naomba mashine na mtu wa kuiendesha.

Dada yako

*

3 Mei

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na hiyo shingo ni makosa ya fundi wa suti. Pole na mgongo. Hujaniambia kama ile dawa ya kuchua ilikusaidia, au umempa jirani?

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa ukumbini, mwenzangu mmoja akichangia habari za barabara dakika kumi nzima bila kutaja barabara hata moja. Nilipofika kwa Mziwanda nikacheka peke yangu mpaka wa jirani akaniuliza kulikoni. Yule niliyekuwa nikimbeba mgongoni ananikojolea, leo anaitwa mama!

Sasa sikiliza. Wiki ya nne ya mwezi huu tunajadili bajeti ya afya, na nimepata nafasi ya kuchangia. Nitashika shilingi ya waziri. Usicheke, ndio utaratibu wetu. Mbunge anasimama, anatamka kwamba anaondoa shilingi moja kwenye mshahara wa waziri, na hairudishi mpaka apewe jibu la kumridhisha. Ni shilingi moja tu, lakini siku ile waziri anaiona kubwa kuliko nyumba yake, maana isiporudishwa bajeti yake inakwama mbele ya watu wote.

Nitazungumza habari ya chumba chako. Mpe Mziwanda salamu zangu, mwambie kaka yake anamfanyia kazi.

Mdogo wako

*

27 Mei

Dada,

Shikamoo, na samahani leo sijulii hali ya mtu, maana furaha imenizidi. Tumepata!

Nilisimama saa tano asubuhi. Nilianza na takwimu, nikaona watu wanachezea simu. Basi nikaziweka kando nikawasimulia yule mama. Nilipofika pale "Sista, bado mbali?" simu ziliwekwa chini, hata wale wanaolipwa kusinzia waliamka wakapiga makofi. Nikashika shilingi. Waziri akasimama, akasema mashine italetwa kabla ya mwisho wa Juni, na mtaalamu ataripoti tarehe moja Agosti. Ametaja tarehe, Dada! Mawaziri hawataji tarehe. Nikairudisha shilingi yake, na makofi yaliyopigwa hapo sijawahi kuyasikia tangu nichaguliwe.

Nimeweka ndani nakala ya Taarifa Rasmi ya Bunge. Makarani wanaandika kila neno linalosemwa. Mwambie Mziwanda asihangaike na safari. Mtoto wake atazaliwa nyumbani, kwenye kituo kilichokamilika.

Mdogo wako mwenye furaha

*

10 Juni

Kasuku wangu,

Natumaini u mzima. Sisi tunaendelea. Hongera kwanza. Hapa mtaani unasifiwa mpaka na watu waliokunyima kura.

Lakini niliyo nayo moyoni lazima niyaseme. Siku ile redio zilikuwa zimefunguliwa mtaa mzima, na fundi alikuwa cherehanini. Alisikia maneno ya mkewe kwa sauti yako. Hukumtaja jina, lakini hapa ni mama yupi mwingine aliyefia njiani nikiwa naye? Halafu akasikia makofi. Tangu siku ile nikipita getini anainamisha kichwa kwenye nguo anayoshona. Nilikwenda kumwomba radhi, akaniambia, "Sista, mimi sina neno na wewe," kisha akaendelea kushona. Ile nakala nayo nimeisoma. Chini ya maneno ya marehemu, karani wenu ameandika kwenye mabano: Makofi. Najua walikupigia wewe. Fundi hajui hivyo.

Na shilingi yenyewe mbona umeirudisha haraka? Mimi mgonjwa akiniambia amepona simtoi kitandani mpaka nimempima.

Mziwanda amekata picha yako gazetini akaibandika juu ya kitanda. Nimemkagua jana, mtoto ametanguliza matako. Bado ni mapema, anaweza kugeuka mwenyewe. Asipogeuka, mwisho wa Julai nitampeleka akakae karibu na hospitali kubwa asubiri siku zake huko. Muuguzi mwenzangu ana chumba cha uani, tumeshaelewana. Mimba ya kwanza na mtoto wa matako, hapo mimi sibahatishi, chumba chako kiwe kimefunguliwa au hakijafunguliwa.

Dada yako

*

19 Julai

Kasuku,

Salamu. Barua ya mwezi uliopita hukunijibu, nadhani kazi zimekuelemea. Natumaini hali yako ni njema.

Mashine imefika, sina budi kusema kweli. Ililetwa tarehe ishirini na nane, maboksi manne, na mpiga picha. Tumeyapanga koridoni, watoto wa wagonjwa wanayakalia. Wa kuyafungua hayupo. Nimeuliza wilayani habari za mtaalamu, wananiambia wanasubiri waraka.

Mtoto hajageuka. Jumatatu ijayo nataka nimpeleke Mziwanda, na yeye hataki. Amekaa kitandani kakunja mikono kama alivyokuwa akigomea uji, ananiambia, "Kaka amesema tarehe moja. Kaka alisimama mbele ya nchi nzima akasema, wewe unataka nimfanye mwongo?" Nimembembeleza, nimemfokea, nimemtishia kumpigia mumewe. Haambiliki. Wewe ndiye anayekusikiliza. Mwandikie mistari miwili tu, umwambie aende. Nakuomba.

Dada yako

*

23 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya, tulikuwa kwenye kamati mchana na jioni. Afya yangu si mbaya.

Dada, usimpeleke. Nisikilize kwanza kabla hujatupa barua. Waraka wa uhamisho wa mtaalamu nimeuona kwa macho yangu, umesainiwa na una mhuri. Anaripoti tarehe moja. Mziwanda siku zake ni tarehe ishirini Agosti, kwa hiyo tuna karibu wiki tatu za akiba. Tarehe kumi na tano waziri mwenyewe anakuja kufungua chumba, nimeshatangaza.

Sasa fikiria watu watasema nini wakimwona dada wa mbunge anapanda basi na begi kwenda kujifungulia mbali. Watasema hata mwenye kuileta mashine haiamini. Wapinzani wangu hawatahitaji jambo jingine mpaka uchaguzi. Na akina mama wengine nao watakimbia, chumba kife kabla hakijaanza.

Nipe siku tisa. Mtaalamu asipofika tarehe moja, nakuja mwenyewe na gari langu kumchukua. Nakuahidi, Dada. Na Mziwanda nimempigia simu nikamwambia hivi hivi, amefurahi sana.

Mdogo wako

*

17 Agosti

Dada,

Shikamoo.

Sijui kama u mzima, na naona haya kukuuliza. Juzi kwenye mazishi waliniweka mbele pamoja na wageni, nikageuka kukutafuta, ukanipa mgongo. Nilikusubiri hadi watu wakatawanyika. Shemeji nilimuuliza ilikuwaje, akanitazama tu, akarudi kukaa kwenye lori lake. Nimeondoka bila kujua mdogo wangu alikufa vipi.

Tarehe moja nilipiga wizarani, wakaniambia mtaalamu yuko njiani. Tarehe tatu wakasema ameomba siku chache ahamishe familia. Tarehe tano nikasema kesho kutwa namfuata Mziwanda. Dada, kesho kutwa! Ilikuwa kwenye daftari langu.

Niandikie. Hata matusi, niandikie.

Mdogo wako

*

1 Novemba

Mdogo wangu,

Barua zako nne zimefika zote. Nimechelewa kwa sababu kila nikishika kalamu mtoto analia, na mtoto akinyamaza nalia mimi. Yeye ni mzima. Ni msichana. Hali yako naijua kwa redio.

Uliuliza ilikuwaje. Uchungu ulimwanza tarehe sita asubuhi, tunakunywa chai. Alicheka, akasema mtoto huyu ana haraka kama mjomba wake. Saa nne njia ilikuwa inafunguka vizuri, nikapata moyo. Saa saba mtoto hashuki. Kwa nini nilisubiri mpaka saa saba? Kwa sababu wilayani walikuwa wamenipigia kwamba gari la mtaalamu limeonekana njiani. Lilikuwa gari la chanjo. Saa nane nikampakia. Mvua ilikuwa imenyesha, tukafika karibu saa mbili usiku, tumesukuma mara tatu. Walimpasua mara moja, mtoto akatoka mnyonge, akalia. Lakini mfuko wa uzazi ulikuwa umechoka, ulikataa kusinyaa. Alivuja damu. Chupa za kundi lake zilikuwa mbili. Nilitoa yangu, haikumfaa.

Njiani hakuniuliza kama ni mbali. Aliniambia, "Usimgombeze Kaka."

Basi sikugombezi. Nina miaka ishirini na saba kwenye kazi hii. Ningekuwa dada wa mtu mwingine ningemvuta mkono Jumatatu ile ile nikampandisha basi, apige kelele asipige. Nilisoma barua yako nikasema mdogo wangu ni mtu mzima, ameona mhuri. Nilijua, nikanyamaza. Hili ni langu, nalala nalo.

Nakuomba jambo moja tu. Nasikia mnarudi kikaoni na mtajadili bajeti ya nyongeza ya afya. Usimseme Mziwanda humo ndani. Najua unaweza kumsema vizuri kuliko mtu yeyote, ndiyo maana naogopa. Fundi alisikia makofi ya mkewe, na mimi ndiye niliyekupa maneno yale. Ya kwangu sitayaweza. Mziwanda amebaki kwangu kidogo sana, sauti yake, na hivyo alivyokuwa akiniigiza. Niachie. Atakayekuja kumwuliza mtoto habari za mama yake amwulize ndani ya nyumba hii, asizisome kwenye karatasi za serikali.

Dada yako

*

2 Novemba

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na mtoto.

Leo nimefanya jambo, na nataka ulisikie kwangu kabla ya redio. Nimemsema Mziwanda bungeni.

Sikumsema kama nilivyomsema mke wa fundi. Safari hii nilijisema mimi. Nilisema kwamba nilishika shilingi nikairudisha kwa tarehe mbili nilizotamkiwa mdomoni. Nilisema mimi ndiye niliyemzuia asiende hospitali, kwa kuogopa maneno ya watu na kwa kutaka sherehe yangu ifane. Wenzangu wa chama walinivuta koti nikae. Sikukaa. Nikashika shilingi tena, nikasema hii sirudishi mpaka mtaalamu awe amevaa glavu ndani ya chumba kile, hata mnifukuze. Spika aliniuliza kama nahitaji maji. Kisha wakasimama wote, upande wetu na upande wa pili, wakapiga makofi.

Na nikuambie ukweli, Dada. Makofi yale yaliponifikia nilijisikia nafuu. Kwa nusu dakika nilikuwa mtu mwema. Halafu wakakaa, akaitwa mchangiaji mwingine, nikamkumbuka.

Waziri ameagiza mtaalamu aje ndani ya wiki tatu, na mara hii naamini, kwa sababu wamepata aibu. Wanataka chumba kiitwe kwa jina lake. Nimewaambia nitakuuliza wewe kwanza.

Niandikie, tafadhali. Miezi mitatu sasa sijauona mwandiko wako.

Mdogo wako

*

9 Novemba

Dada,

Shikamoo.

Barua yako imenifikia leo. Imeandikwa siku moja kabla sijasimama. Basi liliharibika njiani, dereva ameileta akiomba radhi, nami nimempa pole.

Ningeipata ningekaa kimya. Naapa ningekaa kimya. Ila najua umeshasikia, redio zimerudia siku tatu, na wameiweka sauti yangu pale nilipolia. Nimekwenda kwa makarani kuomba ukurasa ule ufutwe. Wameniambia hakuna kinachofutwa, kilichosemwa kimesemwa.

Jina la chumba nimelikataa. Hilo tu ndilo nililoweza.

Naomba nije nyumbani. Siji na watu, siji na gari la serikali. Nitapanda basi. Nataka kumwona mtoto, nikae jikoni hata usiponisemesha, nikuchanjie kuni, nikuchotee maji. Nimebaki na wewe tu, na wewe umebaki na mimi tu. Ukisema nisije sitakuja, lakini sema.

Mdogo wako, Kasuku

*

KITUO CHA AFYA
WODI YA WAZAZI

26 Januari

Kwa Mheshimiwa Mbunge,

YAH: KUANZA KAZI KWA CHUMBA CHA UPASUAJI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Napenda kukuarifu kwamba mtaalamu wa usingizi aliripoti tarehe 20 Novemba, na chumba kilianza kazi tarehe 4 Desemba. Hadi kufikia leo wamepasuliwa akina mama kumi na mmoja. Wote wako hai. Watoto waliozaliwa ni kumi na wawili, kwa kuwa mama mmoja alijifungua pacha. Wote wako hai.

Wodi inakushukuru kwa mchango wako bungeni.

Mtoto wa marehemu ana kilo sita na nusu. Amepata chanjo zote za umri wake.

Barua zako za tarehe 2 Novemba, 9 Novemba, 24 Novemba, 15 Desemba na 3 Januari zimefika. Ombi lako la kuja nyumbani limepokelewa na linafanyiwa kazi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi Mfawidhi,
Wodi ya Wazazi